Mlenda wa Mkwe na Kamera ya Koo

Mume wangu alikufa kwa njaa, na chungu kilikuwa kimejaa. Kwanza ugali ulimkwama, kisha uji, mwisho mate yake mwenyewe. Tulimzika bila kujua kooni mle kulikuwa na nini. Kwa hiyo mwaka jana, tonge liliponikwama mimi, palepale kifuani alipokuwa akipaonyesha kwa kidole, sikumwambia mtu. Nikaanza kula peke yangu jikoni, vijiko viwili vitatu vya uji, kiungulia changu cha siku zote kikinichoma. Wajukuu wakiita, "Bibi, njoo tule," nawajibu nimeshiba. Uongo mtupu. Nilikuwa nawasikia wanavyomega na kucheka, natamani hata kugombania mboga nao.

Aliyenigundua ni Salome, mjukuu wangu wa kwanza. Nimemlea mimi, nimemsomesha kwa alizeti. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye leo ni muuguzi Dodoma, kwenye chumba cha kupima matumbo kwa kamera. Msione najisifu. Najisifu kweli. Alikuja likizo, akanitazama mara moja tu.

"Mke mwenza," akasema, maana ndivyo tunavyotaniana, babu yake alikuwa mume wetu wote wawili, "hilo gauni umeazima kwa nani?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka, nikamweleza tonge linavyonikwama. Baada ya wiki mbili akapiga simu: siku ya kupimwa imepatikana, njoo.

Nilitoka Ihanja jua likichomoza. Alizeti zote zilikuwa zimetazama mashariki, huko huko ninakokwenda, kama zinanisindikiza.

Tulipofika Mkiwa, basi lilisimama. Wauzaji wakanyanyua madirishani asali, mahindi ya kuchemsha, kuku wa kukaanga. Baba niliyekaa naye akanunua kuku, akanimegea paja.

"Karibu, mama."

"Ahsante baba, kula tu."

"Kuku wa Singida unamkataa? Kwani wewe wa wapi?"

"Wa hapahapa. Huyo unayemla labda nimemfuga mimi."

Akacheka, akala. Mimi nikameza mate polepole, nikisikiliza kama yanapita.

Manyoni ndiko mzee wangu alikoomba tumrudishe. Tulikuwa tunampeleka hospitali, huko mbele, akanishika mkono, akasema, "Nataka kwangu." Tukageuza. Safari hii basi lilipoipita Manyoni nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa tunateremka kuelekea Bahi, nchi imetandazwa chini, majaruba ya mpunga yanang'aa. Nikasema kimoyomoyo, mzee, ungevumilia kidogo, mbele kumbe kunapendeza.

Jioni nikafika Dodoma. Nilifikia kwa mama mkwe wa Salome, Mgogo, mjane kama mimi. Salome alinionya mapema: jioni nile uji mwepesi tu, baada ya hapo nisitie kitu mdomoni mpaka nipimwe. Kisha akaenda kwake.

Asubuhi mkwe aliniwekea bakuli la mlenda, umeungwa vizuri kwa karanga, unavutika kama uzi.

"Mkwe, najua ugali unakusumbua. Huu unateleza wenyewe."

Sasa niambieni. Umelala kwa mkwe mara ya kwanza, ameamka kabla yako, ametwanga karanga kwa mkono wake. Unamwambiaje hutaki? Kwetu hilo halisemeki. Tena ulinukia. Nikanywa vijiko vinne, nikajipangusa mdomo, nikaenda hospitali.

Saa tatu nikawa kitandani. Daktari ni mama wa makamo, mpole.

"Shikamoo bibi. Umekula au kunywa chochote leo?"

"Marahaba. Hapana."

Nilisema hivyo huku Salome ananiangalia. Wakanipulizia kooni dawa chungu ya ganzi, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakanipa kidude cha kung'ata. Ule mpira wa kamera ni mwembamba kuliko kidole changu, kichwani una taa. Kulikuwa na televisheni mbele yangu. Nikaona koo langu, jekundu, linameta. Mbele kidogo nikaona kitu cha kijani kinavutika kama uzi.

Daktari akavuta mpira wake nje taratibu.

"Bibi, hiki nini?"

Salome akajibu kabla yangu. "Mlenda."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Daktari hakufoka. Alinieleza kwamba chakula kikiwa kimekwama pale, kinaweza kuingia mapafuni nikafa palepale kitandani, tena chini ya mlenda hakuna kinachoonekana. Nirudi kesho. Nje Salome akalia.

"Mke mwenza, babu tulimpoteza kwa kutojua. Na wewe unanificha?"

Nikarudi kwa mkwe nikamwambia yote.

"Mungu wangu!" akashika kichwa. "Ningejua ningelificha bakuli. Wewe nawe, mdomo unao, kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Mimi Mgogo, mjane mwenzako, unaniogopea nini?"

Kesho yake niliamka nikakuta jiko limepoa. Mkwe amekaa kwenye kigoda, kanga kichwani.

"Leo hapa hakuna anayekula," akasema. "Ukifunga, tunafunga."

Safari hii koo lilikuwa safi. Daktari alibonyeza kitu, mwanga ukageuka wa buluu, mishipa ikajitokeza kama njia za ng'ombe porini. Alisema zamani walitegemea mwanga mweupe na macho yao tu, nyama mbaya ikiwa changa inawapita. Siku hizi mwanga huu unaianika, na kompyuta nayo inachora kiboksi panapotia shaka. Kiboksi kilipotokea, nikaking'ata kile kidude kwa nguvu. Wakamega kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Kisha wakaingiza puto dogo palipobana, wakalijaza taratibu. Hakuna kisu. Nilisikia kifua kinasukumwa, machozi yakanitoka, basi.

Siku saba nilisubiri majibu kwa mkwe, tukichambua choroko na kuongea habari za waume zetu. Yeye wake aliondoka ghafla. Mimi wangu nilimwona anavyokwisha.

Siku ya nane Salome aliingia na karatasi. Hakutania.

"Bibi, siyo saratani. Ni kovu. Kile kiungulia chako cha miaka yote ndicho kilichounguza koo. Utakunywa dawa, na ikibana tena tutapanua."

Nikarudi njia ileile. Manyoni sikufumba macho.

Nyumbani wajukuu walikuwa wamesonga ugali wa uwele, laini kama daktari alivyoagiza. Nilikaa nao mkekani. Tonge la kwanza lilishuka bila kuniuliza. Nanyi mnaokula peke yenu jikoni mkidanganya mmeshiba, nawajua, nilikuwa mwenzenu: semeni, na mkiulizwa na daktari msidanganye, maana ile kamera inaona. Hilo ndilo nililojifunza.

Nilikula mpaka vidole vikagusa sahani. Kisha nikatazama pale mlangoni alipokuwa akikaa mzee wangu, nikaona aibu kushiba.