Mwenyekiti wa Faini na Tiketi ya Februari

Mzee Rutaihwa wa kijijini kwetu Maruku ana migomba mizuri, kahawa ya kutosha na daftari la faini. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Kukiwa na msiba hakuna kulima wala kusafiri mpaka marehemu azikwe, na asiyefika analipa kreti ya soda. Mimi, Edvina, nilikosa mazishi ya mzee Kahigi kwa sababu binti yangu alikuwa leba. Mwenyekiti akaniuliza, "Mjukuu hakuweza kusubiri mpaka saa kumi, tumalize kuzika?" Nililipa. Yeye mwenyewe hujisifu kila mahali kwamba tangu azaliwe hajawahi kupigwa faini, na majivuno hayo yametuchosha.

Mwezi wa nane nilimkuta kwenye basi la Muleba, amevaa koti la Jumapili, mkungu wa ndizi miguuni, anampelekea binti yake. Konda alikuwa ameiangalia tiketi yake juu juu tu. Tulipofika Kemondo akapanda mkaguzi, dada mmoja mpole.

"Baba, tiketi hii ni ya Februari."

"Najua. Februari sikusafiri. Siku hiyo tulimzika jirani yetu Avit."

"Pole sana, Baba."

"Asante. Basi safari yangu bado ipo. Nimekuja kuichukua."

Dada akamweleza kwamba tiketi ikipita siku yake haifai tena. Alipe nauli upya pamoja na faini, ama ashuke kituo kinachofuata, Muhutwe. Mzee alikuwa na elfu tatu tu mfukoni, lakini si pesa iliyomtisha. Kilichomtisha ni neno faini.

"Mwanangu, mimi nilikuwa msibani."

"Kila mtu ana sababu yake, Baba."

Nilipaswa kufurahi, maana hayo ndiyo maneno anayotuambia sisi. Badala yake nilimhurumia, halafu nikajikasirikia kwa kumhurumia. Nikatoa pesa.

"Niandike jina gani kwenye risiti?" mkaguzi akauliza.

Mzee akageukia dirishani, akaanza kukagua migomba ya watu.

"Andika Edvina," nikasema.

Tulipoondoka hapo akaninong'oneza, "Waitu, ndugu yangu, kwa hiyo aliyepigwa faini ni wewe." Nilitamani kumshusha mwenyewe, yeye na mkungu wake.

Sikumwambia mtu. Wiki tatu baadaye tukawa na kikao cha chama. Vestina, jirani yangu, alikuwa amekosa mazishi kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Mzee akafungua daftari, akashika kalamu, akaishikilia hewani. Akaniangalia. Mimi nilikuwa nasuka mkeka wangu tu. Akasimama, akavua kofia.

"Hata mimi nimewahi kupigwa faini," alisema. "Edvina alinilipia."

Watu wakatazamana. Ismael, katibu wetu, akauliza kwa adabu, "Kwa kosa gani, Mwenyekiti?"

Mzee akafikiri muda mrefu, kwa sababu hajui kusema uongo.

"Kwa kwenda msibani."

Wote wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilijitahidi, nikauma kanga, nikashindwa, kicheko kikanitoka mpaka mkeka ukaanguka. Mzee akaketi, akavaa kofia yake. Vestina akasamehewa. Mimi nikaandikiwa kreti moja, kwa kosa la kucheka kikaoni.