Mwenye Mashine za Kadutu

Mwaka 2010 Nabintu alikuwa akisuka nywele pamoja nasi katika saluni moja ya Overport, mjini Durban, Afrika Kusini. Kwao Bukavu, kwenye soko la Kadutu, alikuwa na mashine mbili za kusaga muhogo. Dada yake alizisimamia, na kodi ya kule ililipwa. Mhasibu mmoja wa kanisani alipotuambia kwamba mtu anayeishi Durban hutangaza kwa ofisi ya kodi ya hapa hata mapato ya Kongo, sisi tulicheka. Nani aende kujishtaki mwenyewe?

Nabintu hakucheka. Asubuhi moja alivaa kitenge chake cha harusi akaniambia, "Dada, nisindikize."

Mlangoni pa ofisi ya kodi mlinzi alisikia Kiswahili chetu tu, akatuonyesha barabara. "Wakimbizi si hapa!" Mimi damu ilinichemka. Nabintu alimpita kama anapita nguzo ya umeme.

Ndani, karani alimuuliza mwajiri wake ni nani.

"Hapa iko saluni," alijibu. "Bukavu mwajiri ni mimi. Nina watu wanne."

Karani alikaa vizuri kwenye kiti. Alipiga hesabu, akaondoa kodi iliyokwisha kulipwa Kongo, ikabaki tofauti ndogo. Nabintu aliilipa palepale.

Tulipotoka, mlinzi alitabasamu. "Si niliwaambia, mama? Wamewafukuza?"

Nabintu alisimama, akakaza kitenge chake.

"Hapana, baba. Nimetoka kulipa mshahara wako."