Nilimwita Mama Mkwe Mwizi wa Majibu

Mama mkwe wangu alikuwa anaijibu televisheni kabla televisheni haijajijibu yenyewe.

Sitanii. Mtangazaji anauliza, "Kiungo gani mwilini huchuja damu?" Kutoka chumbani, mlango umerudishwa nusu, sauti inakuja: "Figo!"

Halafu ndipo mshindani wa kwenye kipindi anabonyeza kengele yake na kusema, "Figo."

Sisi huku sebuleni tunatazamana.

Ngoja niwaelezee nyumba ilivyokuwa. Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipofanyiwa upasuaji tukamleta kwetu, tukampa chumba cha mwisho wa korido. Daktari alisema atatembea tena, ila asikizoee kitanda. Mguu ukizoea kulala, kuuamsha ni shughuli.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio. Nikaona hapa sasa ndipo mkwe anapoonekana. Televisheni ipo sebuleni na spika zake mbili kubwa. Nikamwekea mama spika ndogo isiyotumia waya pembeni ya kitanda, ili tunachosikia sisi na yeye akisikie.

Shida ya spika za namna hiyo ni kwamba sauti huchelewa kufika. Kwa hiyo nikaingia kwenye mipangilio ya televisheni, nikazichelewesha kidogo na zile za sebuleni, ziende sawa na ya mama. Nikasikiliza, safi kabisa. Nikajipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyenipongeza.

Saa moja jioni kuna kipindi cha chemshabongo. Tukaanzisha mashindano: mimi sebuleni, mama chumbani, mke wangu mwamuzi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa mshabiki wa yeyote anayeshinda. Anayeshindwa anaosha vyombo. Mama akishindwa, shemeji anamwoshea.

Tena mama mwenyewe akaweka sharti. Kila yakija matangazo, ananyanyua mguu mara kumi na sisi tunamhesabia kwa sauti. Mtu aliyekuwa anagombana na mtaalamu wa mazoezi kila asubuhi, jioni ananyanyua mguu huku anacheka!

Wiki ya kwanza niliosha vyombo siku zote saba.

"Shemeji," akaniambia shemeji yangu, "sabuni inakupenda wewe."

Nilicheka, lakini lilinichoma. Mimi mwenye cheti changu ukutani, kila siku nashindwa na mtu aliyelala?

Siku ya nane nikagundua jambo. Mlango wa mama ukiwa wazi, maneno yanasikika mara mbili mbili, utadhani watu wawili wanasoma gazeti moja. Spika haziendi sawa!

Nikaruka kwenye kiti. "Nimeshajua! Hizi za sebuleni nilizichelewesha kupita kiasi. Mama anasikia kabla yetu! Anamsikia mshindani akijibu, anatupigia kelele, halafu ndiyo jibu linatufikia sisi!"

"Umepima?" mke wangu akauliza.

"Mimi ni fundi. Masikio yangu ndiyo kipimo."

"Sikukuuliza kazi yako. Nimekuuliza umepima?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili hunyamaza. Mimi nikapaza sauti, korido nzima ikasikia: "Mama anaiba majibu!"



Nilitegemea anirudishie utani, maana tulikuwa tunataniana sana. Badala yake akamwita binti yake, taratibu: "Mwanangu, njoo uniondolee hii spika."

Shemeji aliinuka akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Nikajua nimeharibu.

Siku tatu zikapita. Spika ipo juu ya kabati, imezimwa. Kipindi kinaanza, hakuna anayejibu. Matangazo yanakuja, hakuna mguu unaonyanyuka. Mtaalamu wa mazoezi akija, mama anageukia ukutani.

Siku ya tatu yule mtaalamu alituita pembeni akatuambia bila kuzunguka: akiendelea hivi wiki mbili, msitegemee atasimama tena.

Mke wangu hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Mama yangu hajawahi kuchukua hata sindano ya mtu," akaendelea kukunja nguo.

Niliumia, jamani. Lakini kichwa hiki ni kigumu. Ndani ya maumivu yangu bado nilitaka kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi.

Jumamosi asubuhi mke wangu na shemeji wakampeleka mama hospitali kwa kiti cha magurudumu, kuangaliwa kidonda. Nikabaki peke yangu. Nikairudisha spika yake pale pembeni ya kitanda, nikafungua milango yote, nikaweka simu ikirekodi karibu na spika ya mama. Kwa hiyo mlio wake ungekuwa mkubwa, na ule wa sebuleni ungesikika mdogo, kwa mbali. Kisha nikapiga kwenye televisheni mlio mmoja tu.

Tok!

Simu yangu ina programu inayochora sauti kama vilima. Nikaitazama ile rekodi. Kilima kidogo kimetangulia. Kilima kikubwa kinafuata nyuma.

Nikarudia mara sita. Kidogo mbele, kikubwa nyuma.

Yaani spika iliyokuwa inachelewa ni ya mama!

Nikakimbilia mipangilio ya televisheni. Ule ucheleweshaji wangu unasoma sifuri. Nikakumbuka umeme ulikatika siku moja kabla hatujaanza mashindano. Televisheni ilipowaka ilikuwa imesahau kila nilichoiambia, na mimi sikuangalia tena.

Spika ya mama ilikuwa nyuma kwa theluthi moja ya sekunde. Swali lilikuwa linamfikia mama likiwa limechelewa, na bado anamtangulia mshindani, ananitangulia na mimi. Nilikaa kwenye kitanda chake nikaona aibu peke yangu.

Sikutaka tena kubahatisha. Nikachukua waya nikapanda darini. Saa nzima na nusu natambaa kwenye vumbi na joto, utando wa buibui unaniingia mpaka mdomoni. Nikauteremsha waya chumbani, nikafunga spika nyingine ya waya, nikapima. Tok! Kilima kimoja tu.

Waliporudi nilimfuata mama kabla hata sijanawa.

"Mama, nimepima."

"Ehe?"

"Spika yako ndiyo iliyokuwa nyuma. Kosa ni langu. Nimekuita mwizi mbele ya wanao. Naomba unisamehe."

Akanikagua kuanzia nywele mpaka viatu. "Unajua nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Ofisini, mama."

"Ofisini kufanya nini?"

Sikuwahi kumuuliza. Miaka tisa nimemwoa binti yake.

"Nilikuwa mpiga chapa wa mitihani ya shule," akasema. "Miaka ishirini na sita. Nachapa maswali, halafu nachapa majibu ya wasahihishaji. Kabati lilikuwa na kufuli tatu, na ufunguo mmoja nilikaa nao mimi. Watu walinijia na bahasha, walinijia na machozi. Halijatoka swali hata moja. Halafu wewe, katika watu wote, ndiye wa kuniita mwizi wa majibu."

Nilitamani lile dari lifunguke linirudishe juu.

"Sasa zinakwenda sawa, mama," nikasema kwa sauti ndogo, nikamwonyesha waya. "Jioni ujibu kutoka hapa hapa, hakuna atakayesema neno."

"Hapa? Mimi sikai hapa. Nataka nikushinde nikikutazama usoni. Nipeni magongo."

Yale magongo yaliegemea ukuta tangu atoke hospitali, hajawahi kuyagusa. Mke wangu akamshika kiunoni. Kutoka kitandani mpaka sebuleni ni hatua kumi na nne. Alipumzika mara mbili, akatoa jasho, mke wangu analia.

"Unalia nini? Nishike vizuri!"

Akafika. Akakaa kwenye kiti changu.

Saa moja jioni, swali la kwanza: "Buibui ana miguu mingapi?"

"Sita!" nikapiga kelele.

Mama hakuwa na haraka. "Nane. Na utando wake bado umeuvaa kichwani."

Shemeji alianguka kwenye zulia kwa kicheko. Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Mimi nikainuka kwenda kuosha vyombo, na mke wangu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaja kunisuuzia.

Siku hizi mama anatumia gongo moja, na kila jioni yupo sebuleni. Ule waya wa darini haujatumika hata mara moja. Spika yake kule chumbani imeshika vumbi, nami kila nikiiona nafurahi.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ukishindwa, pima kwanza kabla hujamtafutia mwenzio kosa. Na kama una mama mkwe, leo hii kamuulize alikuwa nani kabla hajawa mama mkwe wako.