Daftari la Makaburi ya Kuku

Sisi tuliokulia Kisondela, karibu na Tukuyu, enzi za Ujamaa hatukuwa na vitu vya kuchezea vya dukani, lakini makaburi tulikuwa nayo. Yalikuwa yetu wenyewe, nyuma ya nyumba, migombani, yamepangwa mistari kama gwaride la shule. Walilala pale vifaranga waliozidiwa na baridi, paka mmoja, mbwa wa jirani, na panzi ambaye kaka yangu Gwamaka alisisitiza kwamba alikuwa mtu wa watu. Watoto wa leo wakiona kuku amekufa wanashika pua na kumwita dada wa kazi. Sisi, Mungu atusamehe, tulifurahi, maana kuku akifa mchezo wa siku nzima umepatikana.

Gwamaka ndiye alikuwa mchungaji. Alijifunga shuka shingoni na kuhubiri mpaka mate yanaruka, akinyoosha kidole kama mchungaji wetu wa kweli. Sanda ilikuwa kazi ya Zuhura, binti wa fundi cherehani wa pale gulioni, ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuja na vipande vya kitambaa cha marekani vilivyobaki chini ya cherehani ya baba yake, akamsitiri kifaranga vizuri hata ukamwonea wivu. Tatizo lilikuwa wakati wa kumlaza. Zuhura alitaka aelekezwe kibla, Gwamaka akasema huyu ni kuku wa Kikristo, ameanguliwa kwetu. Waligombana mpaka mvua ikanyesha, na kwa Tukuyu hilo halichukui muda. Mwishowe kuku wetu wote walilazwa kuelekea kibla na kuombewa Kinyakyusa, na sikusikia hata mmoja akilalamika.

Mimi kazi yangu ilikuwa kulia. Nililia kwa sauti kubwa, nikajigaragaza, nikamtaja marehemu kwa sifa ambazo hakuwa nazo. Tukimaliza tunachoma ndizi na magimbi kwenye majivu, kwa sababu msiba wa kwetu usio na chakula haukamiliki. Mpaka leo nikisikia harufu ya gimbi lililoungua upande mmoja, moyo wangu unarudi pale migombani.

Wakati ule serikali ilikuwa imeamua kila mtu ajue kusoma. Asubuhi tulikaa sisi darasani, jioni wakakaa bibi zetu kwenye madawati yaleyale, magoti yakigonga mbao. Bibi yangu, mama yake baba, tuliyeishi naye nyumba moja, alikuwa mwanafunzi mwenye bidii kuliko mimi. Shida yake ilikuwa moja: alishajua kuandika lakini hakuwa na cha kuandika. Barua amwandikie nani, na ndugu zake wote wanaishi mahali unapoweza kuwaita kwa sauti tu wakaitika?

Siku moja alitukuta tunabishana. Gwamaka anasema hapa kalala kifaranga mweusi, Zuhura anasema mweupe, na sanda yake anaikumbuka. Bibi akasimama na karai lake la nguo kichwani.

"Kanisani wana kitabu cha maziko," akasema. "Ninyi kitabu chenu kiko wapi?"

Bibi akaingia ndani, akatoka na daftari lake la elimu ya watu wazima, akaketi juu ya jiwe la kufulia, lile jiwe kubwa jeusi ambalo wanaume kumi wasingeweza kulisogeza. Tangu siku hiyo akawa karani wetu. Aliandika huku ulimi umetoka nje, akikandamiza penseli mpaka herufi zinatokeza ukurasa wa tatu. Na alikuwa mkali. Hakukubali tuandike jina la marehemu tu. Alitaka kilichomuua na idadi ya miguu kutoka kwenye jiwe, akipima mwenyewe kwa nyayo zake, kisigino kikigusa vidole.

"Msipoandika mahali," alikuwa akisema, "kesho mtamchimbua na jembe."

Basi daftari likajaa. *Kifaranga mweusi. Baridi. Miguu kumi na moja, upande wa mto. Paka. Uzee na wizi. Miguu tisa.* Kuna ukurasa mmoja umeungua pembeni, na sababu yake naikumbuka vizuri. Zuhura alikuwa amesikia mjini Tukuyu kwamba mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka, alipofariki ndugu zake walimchoma kwa heshima zote. Nasi tukaona tusipitwe. Tukampata panya aliyekufa, tukamwekea majani makavu ya mgomba na kibaba cha samli ya mama. Moto ulipanda, ukaelekea kwenye paa la jiko. Bibi alikuja mbio na maji ya kufulia, akauzima, akatuchapa wote watatu bila kubagua dini, kisha akafuta mikono na kuandika: *Panya. Amechomwa. Kidogo na jiko.*

Lakini kulikuwa na sehemu moja ambayo hakuturuhusu kuzika. Ilikuwa upande wa mlima, kwenye shina la mgomba mkubwa, na udongo wake ulikuwa laini, mzuri wa kuchimba kwa mkono. Kila tulipousogelea alituita.

"Pale hapana, mwana gwangu. Pale pana wenyewe."

Sisi tulidhani anasema siafu. Tukapaogopa na kupasahau.

Bibi alifariki nikiwa mtu mzima, akaandikwa kwenye kitabu cha kanisa kwa wino. Daftari lilibaki kwenye sanduku lake la bati chini ya vitenge, na mimi nikaendelea na maisha. Ningeendelea hivyo kama si mtoto wa Gwamaka, Lusajo, kurudi kutoka Dar es Salaam mwaka jana na ramani ya nyumba kwenye simu. Alitaka kujenga palepale migombani. Akapiga vigingi, akafunga kamba, mafundi wakaja na sururu. Asubuhi hiyo baba yangu, ambaye sasa ni mzee sana na hutembelea fimbo, akatoka na kiti chake akakiweka katikati ya zile kamba na kukaa.

"Hapa hapachimbwi," akasema.

"Kwa nini, babu?"

"Mama alikuwa akipazunguka. Hakupakanyaga hata siku moja. Pana mtu hapa."

"Mtu gani?"

Baba hakujua. Na hapo ndipo vijana wa leo wanaponishangaza, maana Lusajo hakubisha, alitoa simu. Alikuwa ameshakwenda ofisi ya kanisa na kupiga picha kitabu cha maziko ukurasa kwa ukurasa. Akatuonyesha ukoo mzima, nani alizikwa lini na wapi. Kwa kweli nilimsifu. Lakini migombani pale hapakuandikwa mtu. "Unaona, babu," akasema kwa upole, "hakuna mtu." Mafundi walikuwa wakilipwa kwa siku, na baba aliinamia fimbo yake. Niliona aibu imemshika, aibu ya mzee anayeambiwa na picha kwamba anaota.

Nikakumbuka daftari. Nilipolileta wote walicheka, hata mafundi. Nikawasomea kifaranga mweusi, nikawasomea panya, Lusajo akashika mbavu. Nikafunua mpaka ukurasa wa mwisho, ambao sisi watoto hatukuwahi kuufikia. Mwandiko ulikuwa wa Bibi, mkubwa, umekandamizwa kuliko mwingine wote.

*Mtoto wa kiume, wa kwanza. Siku nne. Miguu thelathini, upande wa mlima. Mtoto wa kike, wa pili. Siku moja. Kando ya kaka yake. Mimi mama yao.*

Kanisa liliandika waliobatizwa, na wale hawakufikia maji. Zamani watoto wa siku chache walizikwa na wanawake peke yao, bila ngoma, na mama alirudi shambani kama hakuzaa.

Lusajo alitaka futi kamba. Baba akakataa, akaniangalia miguu. "Wewe una nyayo za mama," akasema. Nikavua viatu mbele ya mafundi, mwanamke mwenye wajukuu, nikaanza kwenye jiwe, kisigino kwenye vidole, nikihesabu kwa sauti. Thelathini ilinikuta ndani ya kamba, hatua moja kutoka kwenye kiti cha baba, mahali ambapo Lusajo alikuwa amepanga sebule.

Maisha yake yote baba alikuwa mzaliwa wa kwanza. Kila kuku aliyechinjwa kwa mama yake, firigisi, heshima ya mtoto wa kwanza, ilikuwa yake bila kuomba.

"Kumbe mimi ni wa tatu," akasema. "Firigisi zote zile nilikula za kaka yangu."

Akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia. Mimi niliyewalilia kuku wote wale kwa mbwembwe, siku hiyo nililia bila sauti.

Nyumba ilisogezwa upande wa barabara. Lusajo si mtoto mbaya. Siku hizi watu wanazikwa huku wanapigwa picha, na jioni msiba mzima uko kwenye simu za watu, kesho yake umefunikwa na harusi. Enzi zetu picha hatukuwa nazo, lakini tulikuwa na bibi aliyejifunza kusoma uzeeni na mwishowe akapata cha kuandika. Namkumbuka juu ya lile jiwe, miguu ikining'inia, na natamani ningemuuliza swali moja tu nilipokuwa na nafasi: hao wenyewe wa pale ni akina nani.

Juzi Lusajo alikuwa barazani ananakili daftari kwenye kompyuta, aunganishe na majina ya kanisani, ukoo uwe mahali pamoja. Baba alikuwa pembeni yake, amefumba macho. Tulidhani amelala.

"Shangazi," Lusajo akauliza, "hawa kuku niwaruke?"

"Usimruke hata mmoja," baba akasema. "Mama aliwalaza wanawe humo pamoja nao."