Siku Nilipozika Kinamasi Kikiwa Hai

Aibu nyingine mtu anaizoea baada ya wiki mbili, lakini hii yangu bado inanichoma hata nikiwa peke yangu jikoni nasonga bugali, na siwezi kupita barabara ya Ngezi bila wale akina mama wanaouza majani ya sombe kucheka, halafu mmoja kuniuliza kwa sauti tamu kabisa: "Mama Pasca, leo matope iko namna gani?" Siwakasirikii. Mwenye kosa ni mimi, na mzizi wa kosa lenyewe ni wivu, nasema waziwazi, wivu juu ya mwanamke mwenzangu ambaye hajawahi kunikosea hata neno moja.

Nafanya kazi katika shirika dogo hapa Bunia, na kazi yetu ni kupima mahali, yaani misitu, vinamasi, chemchemi, na kusema kila kimoja kiko karibu kiasi gani na kufa. Unaenda, unapima maji, unauliza watu ni wanyama gani walikuwepo na sasa hawaonekani, unaangalia ukingo umeliwa mpaka wapi, halafu unajaza karatasi tunayoiita fishi. Chini ya fishi kuna visanduku sita vimejipanga: Salama, Karibu na hatari, Hatarini, Hatarini sana, Hatarini kabisa, na cha mwisho, Imekwisha. Unatia msalaba katika kimoja tu.

Nilikuwa na miaka sita kazini pale Gracia alipoletwa kutoka Kisangani na diploma yake na ile sauti yake ya upole (hata anapoagiza chai unadhani anasali). Na shefu, bosi wetu, alimpa nini? Msitu wa upande wa Mambasa! Msitu wenye miti mikubwa, wenye wachimba dhahabu na wapasua mbao, msitu ambao kila mgeni akifika Bunia lazima auulizie. Mimi nikapewa kinamasi cha nyuma ya Ngezi, dakika ishirini kwa motokari ya miguu miwili, yaani hii miguu yangu, mahali pa vyura. Gracia anarudi na habari za nyayo za okapi, mimi narudi na soksi zinazonuka. Nikawa najisemea moyoni, aliye juu mngoje chini, na kila asubuhi nikimwona anashuka kwenye gari la shirika (mimi gari sikupewa) nilikuwa namngoja kweli.

Hata siku ya mafunzo, shefu alipotueleza visanduku kimoja kimoja, mimi nilikuwa nahesabu ni mara ngapi anamtaja Gracia. Mara kumi na moja. Kwa hiyo nilijua vizuri sana hesabu ya Gracia, ila alichosema shefu kuhusu kisanduku cha mwisho sikukisikia kabisa.

Sasa wakaja wageni kutoka Kinshasa kuchagua mahali pamoja patakapolindwa kwanza, na yule aliyepapima ndiye angesafiri na faili kwenda kupasemea kule. Mimi nilikitaka kiti hicho kwenye ndege mpaka nikakiota. Lakini kulikuwa na mtu aliyelitaka jambo hilo kuliko mimi, na kwa sababu ya maana zaidi, naye ni Mama Uyirwoth. Huyu ni mama wa watu wa Mahagi, mjane, anayekata mafunjo katika kinamasi kile na kusuka mikeka pamoja na wenzake, na watoto wake wote wamesoma kwa mikeka hiyo. Upande mmoja wa kinamasi alikuwa ameshajitokeza Papa Lokana, muuza viwanja, anayetafuta njia ya kumwaga udongo mule afunike maji na kugawa parsele. Mama Uyirwoth alinishika mkono akaniambia, "Pasca mutoto yangu, andika muzuri. Hii mare, hii kinamasi yetu, wakiifunika, siye tutaenda wapi?"

Nikaandika vizuri. Nilipima wiki nzima na wale akina mama, kamba mkononi, na ukweli ulikuwa huu: ukingo umeliwa, samaki wamepungua, lakini maji bado yapo na korongo wenye taji bado wanataga. Nikatia msalaba penye Hatarini.

Laiti ningeishia hapo! Siku moja kabla ya mkutano niliona fishi ya Gracia juu ya meza ya shefu, nikaichungulia. Hatarini sana. Yaani msitu wake ni mgonjwa kuliko kinamasi changu! Jamani, mmewahi kusikia mtu anaonea wivu ugonjwa wa msitu? Mimi niliuonea. Nikachukua ile rangi nyeupe ya kufutia, nikafuta msalaba wangu, nikataka kuuweka hatua moja mbele ya ule wa Gracia, halafu nikafikiri, kwa nini nimpite kwa hatua moja tu, nikaruka mpaka kisanduku cha mwisho. Imekwisha. Kwangu mimi maana yake ilikuwa mgonjwa wa mwisho kabisa, atakayepelekwa hospitali wa kwanza.

Asubuhi nilivaa kikwembe kipya cha kijani nilichoshonesha makusudi, na viatu vyenye kisigino, kwa sababu nilijua Gracia atakuja na vile viatu vyake bapa. Ukumbi ulijaa: wageni, shefu wa quartier, yaani wa mtaa, Papa Lokana na watu wake, na nyuma kabisa akina mama wa kinamasi wamekaa juu ya mikeka yao wenyewe. Gracia akasema, akapigiwa makofi. Nikasimama mimi, nikashika maikrofoni, nikasoma kwa sauti ya redio: "Kinamasi cha Ngezi, hali yake, kimekwisha."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikadhani wameguswa (mimi huyo, natabasamu!). Nikamwona shefu anavua miwani. Papa Lokana akainuka taratibu, anacheka mpaka meno ya nyuma.

"Aksanti sana mama. Kila siku wanatukataza kumwanga udongo, ati kuko mare. Leo mwenye kupima mwenyewe anasema mare haiko tena. Basi, naomba kopi ya ile karatasi."

Na kopi akapewa, maana fishi zetu ni za watu wote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kisanduku cha mwisho si cha mgonjwa, ni cha maiti, na maiti hapelekwi hospitali.

Mama Uyirwoth alikuwa ameshasimama. "Imekwisha namna gani? Leo asubui nimekata mafunjo mule, angalia mikono yangu!"

Gracia akanisogelea, akanong'ona, "Pasca, sema tu bic iliteleza. Nitakusaidia kueleza."

Mlango ule pale, umefunguliwa, kazi yangu ni kupita tu. Lakini aliyeufungua alikuwa Gracia! Nikaona ni afadhali nife kuliko kuokolewa na Gracia mbele ya wageni, nikasema kwenye maikrofoni, kwa nguvu mpaka ikapiga mluzi, "Hapana, sikukosea! Kinamasi kimekauka, na asiyeamini twende akaone!"

Basi tukaenda. Ukumbi mzima, magari mbele, akina mama kwa miguu nyuma, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Kabla hata hatujashuka vyura walikuwa wanapiga kelele ya kutosha harusi mbili, korongo wawili wakaruka juu ya mafunjo, mgeni mmoja akatoa simu akawapiga picha, na mimi bado sikufunga mdomo. Nikaona mahali pa majani mafupi, pamelala sawasawa, pazuri. (Pale nilipajua, sitawadanganya. Akina mama walinionya siku ya kwanza kwamba ni majani yanayoelea. Lakini mwenye wivu akishaanza kusema, masikio yake hayamsikii.) Nikasema, "Tazameni, hapa mtu anapita na viatu vyake," nikapita.

Hatua ya kwanza ikanibeba. Ya pili ikatikisika. Ya tatu ikaniachia, nikazama mpaka kifuani, kikwembe kikafunguka kikaelea pembeni yangu, na kila nikijitikisa ili nitoke ninashuka zaidi, huku Papa Lokana na watu wake wameshikana mabega kwa kicheko na shefu wangu ameangalia pembeni. Kiatu kimoja kiko kule mpaka leo.

Nani alinitoa? Mnajua wenyewe. Gracia alilala kifudifudi kwenye matope na nguo yake nzuri, akanirushia ncha ya kitambaa chake cha kichwa, Mama Uyirwoth akamshika miguu, wakanivuta. Nikakaa pale ukingoni nikitema maji, wageni wamenizunguka, na sijui ni matope au ni nini, ukweli ukanitoka wote: kwamba nilipima vizuri, kwamba nilifuta, kwamba nilifuta kwa sababu sikuvumilia msitu wa Gracia uwe mbaya kuliko kinamasi changu. Watu wakacheka upya. Gracia hakucheka, na Mama Uyirwoth pia hakucheka.

"Kumbe," akasema. "Ulionea mwenzako wivu juu ya mugonjwa yake, njo maana ukazika wa kwako akiwa angali anapumua. Na siye? Siye ulituona?"

Nikavuta kikwembe changu kutoka majini, nikajifunga.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilisaini kwamba fishi ni ya uongo, nikajaza nyingine ya kweli, lakini wageni walisema mahali penye fishi mbili zinazopingana hapawezi kuingia kwenye orodha mpaka papimwe upya msimu mwingine, wakachagua msitu, na Gracia akapanda ndege. Papa Lokana naye hakungoja msimu. Alitembea na kopi yake mkononi, na kila aliyemuuliza alimwonyesha jina langu na msalaba wangu, na malori ya udongo mwekundu yakaanza kuingia kwa upande ule ule anakokata mafunjo Mama Uyirwoth. Ilipopatikana karatasi ya kuyasimamisha, kona nzima ya mama yule ilikuwa uwanja mkavu wenye vigingi. Sasa anazunguka mpaka ng'ambo ya pili kutafuta mafunjo, na magoti yake si ya kijana.

Nimeapa, na akina mama wa Ngezi ni mashahidi: nitamwonea mtu wivu kwa nguo yake, kwa nyumba yake, hata kwa bwana wake kama Mungu hatanisaidia, lakini kalamu ikiwa mkononi mwangu nitaandika nilichokiona tu.

Gracia ndiye aliyetumwa kukipima upya, nami nikamshikia kamba. Alipima siku tatu, akapiga hesabu mara mbili (nilijua anatafuta namna ya kunipunguzia kosa), kisha akatia msalaba, akanipa fishi nimpelekee shefu. Shefu akaisoma, akaiweka juu ya ile ya msitu.

"Hatarini sana," akasema. "Sasa kinamasi yako iko sawasawa na msitu ya Gracia."

Mwaka mzima nilikuwa nimetamani kusikia maneno hayo. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje, nikalia.