Dhamana ya Kitabu cha Mbegu

Miaka thelathini na mitatu ya umri wake Mwahija Namangaya aliimaliza mbele ya ubao, akifundisha sayansi katika shule za msingi. Na mingine minane imekwisha kumpitia tangu alipostaafu na kurejea Kilangala, katika nyumba aliyozaliwa. Katika muda huo mikorosho aliyoipanda marehemu mumewe imezaa, imechoka, na baadhi yake imekatwa ikapandwa michanga. Nywele zimekuwa nyeupe chini ya ushungi, na magoti yamemlazimisha kusali juu ya kiti. Ila kila Alhamisi, akishasali alasiri, huchukua miwani yake na kwenda ghalani. Hilo halikubadilika.

Ghala ni la korosho. Katika chumba chake cha pembeni hukutana watu kumi na mmoja, Waislamu na Wakristo, wakazungumza habari za udongo, maradhi, viumbe na nyota. Wana sanduku la bati lenye vitabu arobaini na vitatu, na ufunguo wake huwekwa na Mzee Fakihi, aliyekuwa tabibu wa zahanati.

Kikundi hicho kina desturi yake. Mtu hapendekezi kitabu kwa kukisoma tu. Sharti achague jambo moja lililomo, alitende kwa mikono yake, aandike nyuma ya jalada, "Nimejaribu," na jina lake, kisha ahifadhi ushahidi wake mwaka mzima. Hiyo ndiyo dhamana. Kitabu kikimponza msomaji, mdhamini husimama akajibu. Akionekana na kosa, kitabu hutolewa sandukuni, naye hapendekezi kingine hadi mwaka upite. Vitabu kumi na tisa vilikuwa na jina la Mwahija, wala hakuna hata kimoja kilichowahi kutolewa. Hakujisifu kwa hilo mbele za watu, lakini moyoni alilihesabu.

Mwezi wa Julai alikidhamini kitabu chembamba cha kuhifadhi mbegu. Kilifundisha namna ya kupima unyevu pasipo chombo cha dukani: tia chumvi kavu na punje za mahindi katika chupa ya kioo, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi, yaanike tena. Isipoganda, yamekauka, yafungie. Mwahija alijaribu kwa kibaba cha mahindi meupe aliyopewa na Martina, mkulima mjane wa jirani. Mbegu ile Martina aliirithi kwa mama yake, aliyeshuka nayo kutoka uwanda wa Makonde akiwa bibi harusi. Jaribio lilifaulu. Martina akakiazima kitabu, akaenda kuihifadhi mbegu yake yote kwa njia hiyohiyo.

Mwisho wa Novemba, mvua za kwanza zilipokuwa karibu, Martina aliingia ghalani amebeba sinia la mchanga. Hakusalimu. Akaliweka juu ya gunia la korosho.

"Punje ishirini," alisema. "Siku kumi namwagilia. Hesabuni zilizoota."

Hapakuwa na hata moja.

"Labda zinaona haya mbele za watu," alisema Dominick, fundi pikipiki, ambaye ni mtani wa Martina tangu enzi za babu zao.

"Dominick, leo nitakutia humu mchangani nione kama wewe utaota." Kisha akamgeukia Mwahija, na sauti ikashuka. "Mwalimu, mimi sikukiamini kitabu. Nilikuamini wewe. Hiyo ni mbegu ya mama yangu, na nyingine sina."

Mzee Fakihi alikitoa kitabu, akakifunua nyuma, akasoma polepole: "Nimejaribu. Mwahija Namangaya." Akavua miwani. "Bi Martina, tueleze ulivyofanya, hatua kwa hatua."

Martina akaeleza. Alipima, chumvi ikaganda. Akaanika. Akapima, ikaganda tena. Akaona jua la uwanjani ni hafifu, akayapandisha mahindi juu ya bati la nyumba. Siku tisa.

"Siku tisa juu ya bati!" Dominick alishika kichwa. "Shangazi, hapo hukuwa unaanika, ulikuwa unakaanga bisi."

Watu wakacheka, na Mwahija akaona njia ya kujinasua. Joto la bati lilikuwa limeua kiini cha mbegu. Jambo hilo lilikuwa wazi. Kitabu hakikutaja bati. Angeweza kunyamaza tu, na kikundi kizima kingemwondolea lawama pasipo yeye kufungua kinywa.

"Chekeni," alisema Martina. "Kitabu kimesema ikiganda, anika. Ningefanyaje? Na chumvi ilikuwa kavu, hii hapa, chupa ni ileile."

Alitoa chupa na kifurushi katika mkoba wake. Ilikuwa chumvi ya kawaida ya Lindi, ile inayovunwa kwenye majaruba ya pwani na kuuzwa kwa kopo, ambayo kila nyumba huitumia. Mwahija aliichukua chupa, akaifuta kwa ncha ya kanga hadi ikang'aa. Akatia chumvi kijiko kimoja. Mahindi hakutia.

"Mwalimu, umesahau mahindi," alisema Dominick.

"Sikusahau, mwanangu. Subiri."

Akatikisa, akaiweka juu ya meza. Walipoitazama, chumvi ilikuwa imeganda pande zote za kioo, nyeupe kama chokaa. Ndani hapakuwa na punje hata moja ya kulaumiwa. Unyevu ulikuwa katika chumvi yenyewe, inayovuta maji ya hewa ya pwani mchana na usiku. Martina angeanika hata mwaka mzima, na bado ingeganda.

"Kwako mbona haikuganda?" aliuliza Mzee Fakihi.

Mwahija aliitazama tena chupa. Aliiona mikono yake mwenyewe, siku ile ya Julai, ikiweka kikaango jikoni. Marehemu mama yake hakuwahi kutia chumvi katika kopo kabla ya kuikaanga mpaka ilie, naye amefanya hivyo maisha yake yote pasipo kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Alipoandika "Nimejaribu," hakuandika kwamba amekaanga. Hakukumbuka kuwa hiyo nayo ni hatua.

Akasimama, mkono mmoja mezani kwa ajili ya magoti.

"Chumvi yangu niliikaanga kwanza," alisema. "Sikuwaambia. Kitabu kimesema kavu, na aliyekiandika yuko bara, ambako chumvi huwa kavu kweli. Mimi ni wa hapa, nilipaswa kujua. Kosa si la Martina wala la kitabu. Ni la dhamana. Nisamehe, Martina."

Akaiomba kalamu. Chini ya jina lake akaandika: "Chumvi ya pwani ikaangwe kwanza. Chupa tupu ipimwe kabla ya kutia mahindi. Usianike mbegu juu ya bati. Mdhamini hakueleza haya." Akaomba kitabu kibaki sandukuni, na adhabu yake ya mwaka isipunguzwe. Mzee Fakihi alitazama waliokaa, hakuna aliyepinga.

"Mwaka mzima!" Dominick alilalamika. "Sasa nani atatupa vitabu? Mimi ninacho kimoja tu, cha injini."

"Na hicho umekifunika kwa mafuta, hujakimaliza," alisema Martina. Ndipo, kwa mara ya kwanza jioni ile, akatabasamu.

Mwahija alimwomba aongozane naye nyumbani. Juu ya kabati, penye ushahidi unaotunzwa kwa mwaka mmoja kama desturi ilivyotaka, ilikuwapo chupa iliyozibwa kwa nta, na ndani yake mahindi meupe yaliyobaki katika kile kibaba.

Martina aliishika kwa mikono miwili. "Ya mama," alisema.

"Ni yako. Usinishukuru, iote kwanza."

Alhamisi iliyofuata sinia lilirudi ghalani. Punje kumi zilikuwa zimepandwa, na tisa zilikuwa zimetoa majani. Mwahija alizihesabu mara mbili, kisha akaketi mahali pake, akasikiliza wenzake wakipendekeza vitabu.

Mwenyezi Mungu ampe Mwahija Namangaya umri mrefu wenye afya, ayalainishe magoti yake, na aukubali ukweli wake katika mizani ya mema. Amrehemu mumewe, na mama yake aliyemfundisha jiko. Awahifadhi wanawe na wajukuu zake popote walipo, na ambariki Martina pamoja na wote wa nyumba yake, shamba lao lisikose mvua wala mbegu. Amina.