Mikono Miwili ya Kushoto

Katika chumba chake cha ushonaji, fundi alikuwa na kanuni moja isiyopindishwa: aliyeharibu kitambaa ndiye anayemwambia mwenye kitambaa. Yeye fundi alisimama kando ya mkosaji, bega kwa bega, mdomo ameufumba. Hakumsemea mtu. Wasichana wa sekondari waliokuja kujifunza baada ya masomo waliambiwa hilo kabla hawajashika mkasi.

Mtaani wengi waliona ni roho mbaya. Lakini hao hao ndio huwajibia watoto wao kila swali tangu wanatambaa, kisha watoto wakivunja sauti na kurefuka wanalalamika kwamba hawana msimamo. Wautoe wapi?

Siku moja shangazi mmoja alimleta binti wa kaka yake, amemshika mkono kama mtoto wa chekechea.

"Shikamoo, fundi. Nimekuletea huyu bubu wangu. Shule anakwenda, anarudi, hasemi. Hana analolijua."

"Marahaba. Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Si nimekwambia hasemi!"

"Nilikuwa namuuliza yeye."

Msichana akatazama kucha zake. "Umeona?" akasema shangazi.

Fundi alikuwa mdadisi kuliko alivyokuwa mkali, ingawa alijitahidi kulificha hilo. Aliamini kila kijana ana kitu ambacho mkono wake hukifuata wenyewe, na mtu mzima anapaswa kukitafuta kabla ya kuanza kuhubiri. Basi akamtegea. Alimwachia kopo la vifungo mezani; msichana hakuligusa. Akamwachia cherehani mbovu iliyofunguliwa; akaipita. Vipande vya hariri, majarida ya mitindo, wapi! Fundi akaanza kukosa raha. Huyu anafuata nini?

Alipata jibu mchana mmoja aliporudi kutoka uani. Msichana alikuwa amezigeuza nguo za wateja zilizokwisha kunyooshwa, ndani nje, anapitisha kidole kwenye mishono.

"Unatafuta nini humo?"

Fundi akavuta stuli, akakaa, akaanza kutunga uzi kwenye sindano kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

"Nje kila mtu anaweza kupiga pasi," msichana akasema mwishowe. "Hapa ulikuwa na haraka."

Fundi akauangalia ule mshono. Kweli, alikuwa na haraka. Alicheka mpaka mwanafunzi wake mwingine, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, akaja mbio kuuliza nani katekenywa.

Tangu hapo hakuna nguo iliyotoka bila kupita chini ya kidole kile. Msichana akaanza hata kurudisha kazi za wenzake.

"Kasuku, mshono wako umeachia, unapumua."

"Na wewe siku hizi unapumua, shoga. Tunashukuru."

Kisha mwenyekiti wa kwaya akaleta kitambaa chake cha maua. Alikuwa mteja tangu fundi anashonea cherehani ya kukodi, na alisema wazi kwamba gauni likimkaa vizuri, sare za kwaya nzima zitashonwa hapo. Msichana akaomba kukata. Fundi akampa mkasi.

Alikata mkono wa kwanza vizuri. Wa pili akasahau kugeuza karatasi ya kipimo. Maua yalikuwa upande mmoja tu wa kitambaa, kwa hiyo hata kukigeuza kusingefaa kitu. Walipoishikiza mikono kwenye gauni ndipo ilipoonekana: yote miwili ni ya kushoto. Na kitambaa kilichobaki hakikutosha mkono mwingine mrefu.

Shangazi alipopata habari alifika anahema.

"Fundi, sema ni wewe uliyekosea. Wewe atakusamehe. Huyu ndiyo kwanza ameanza kufungua mdomo, unataka aufunge moja kwa moja?"

Maneno hayo yalimsumbua fundi. Huenda shangazi alikuwa sahihi. Akamgeukia msichana.

"Utakuwepo?" msichana akauliza.

"Nitakuwepo. Sitakusemea."

"Sawa. Usisogee tu."

Siku ya kuchukua gauni, mwenyekiti akaingia kwa vishindo. "Haya, liko wapi gauni langu nikatambe nalo?"

Wanafunzi wakainamia kazi zao. Hata Kasuku aliinama.

"Mbona kama mko msibani? Fundi, kuna nini?"

Fundi akamtazama msichana. Msichana akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje kama ilivyo kawaida yake, akalilaza mezani, akaweka kidole.

"Mkono huu ni wa kushoto," akasema. Akakihamishia kidole mkono wa pili. "Na huu ni wa kushoto. Nilikata mimi. Sikugeuza karatasi. Kilichobaki kinatosha mikono mifupi, nimepima. Ukikubali, nitashona leo."

Mwenyekiti hakumtazama. "Fundi, unawapa watoto mkasi wachezee kitambaa changu, halafu unawatanguliza mbele! Wewe huna mdomo?"

Alikuwa nao. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: nilikosea mimi. Yangemaliza kila kitu, na sare zingebaki. Lakini kidole cha msichana kilikuwa bado kwenye mshono, hakijaondoka, na fundi alitaka kujua kama kitaondoka.

"Kitambaa nitakulipa," akasema. "Mengine ameshayasema mwenyewe."

Mwenyekiti akakunja gauni lake, akatoka bila kuaga.

Usiku fundi alijiuliza swali moja tu: atakuja? Kesho yake msichana aliwahi kabla ya Kasuku. Akasimama mlangoni, akaamkia kwa sauti iliyosikika mpaka uani, akachukua karatasi ya kipimo, akaigeuza, akaiweka juu ya kitambaa.

Sare za kwaya zilishonwa mtaa wa pili. Fundi alipoteza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuahidiwa, na mwenyekiti hakukanyaga tena chumba kile.